Mgonjwa Niliyepewa Embu

Hosteli ya Mama Karwirwa,
Nchiru, Meru.
Jumapili, 17 Novemba 2024.

Mpendwa kaka Muthamia,

Pokea salamu kutoka Nchiru, ambako mvua imegeuza njia ya hosteli kuwa matope matupu na viatu vyangu vyote viwili vimelowa. U hali gani huko Pune? Kifua kimetulia? Chakula chao kimekukubali sasa, au bado unalia machozi ya pilipili? Na wale unaokaa nao chumba kimoja, wameacha kupikia kwenye sufuria yako bila ruhusa? Naomba Mungu akupe afya, usingizi na marafiki wenye adabu.

Hapa ndipo desturi inanitaka niandike kwamba sisi sote huku ni wazima. Siandiki. Kama umesimama, kaa chini kwanza. Baba yuko hai, nimemwona jana kwa macho haya yangu na amekunywa uji nikimtazama. Hilo lishike vizuri kabla hujaendelea. Lakini Baba amelazwa Embu, na kwa wiki nzima hii tulikuwa hatujui kama atatoka na mguu wake wa kulia, au kama atatoka kabisa. Nitakueleza kwa mpangilio, kwa maana mimi niliyapokea yote kwa mkupuo na nusura nianguke.

Utashangaa kwa nini sijakupigia simu. Mama aliniapisha, mkono juu ya Biblia ya wadi, kwamba sitakupigia simu juu ya jambo hili. Nimeapa na simu sijapiga. Barua hakuitaja. Kivuti, yule rafiki yako wa Embu, anarudi Pune Jumatano, na nimemwambia akuletee hii mkononi kabla hajafungua hata mzigo wake.

Unajua mwenyewe nilivyokuwa tangu Agosti. Huu ndio mwaka wa mwisho, na mitihani ya mwisho ndiyo mlango wa leseni. Ukianguka, miaka yote sita inakaa tu kwenye picha ukutani. Nimekuwa nikisoma mpaka Mama Karwirwa ananigongea kuuliza kama nimekufa humo ndani. Ugonjwa wa moyo naukariri nikifua nguo, figo nikipanga foleni ya chapati kwenye kibanda. Nilipotaka kuja nyumbani wikendi moja kuchukua blanketi, Mama alisema nisisumbuke, ataituma na gari la Mikinduri. Blanketi ikaja. Nikafurahi, mjinga mimi, nikasema ona mama anayejali.

Na Baba alikuwa akinipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Nikimuuliza yuko wapi anasema yuko shambani kwenye miraa. Siku moja nikasikia magurudumu yanapita nyuma yake, nikamuuliza ni nini hicho. Akasema ni mkokoteni wa jirani. Kumbe ni kile kitanda cha magurudumu kinachopeleka watu kupasuliwa! Mzee wa kanisa, Muthamia. Mzee wa kanisa anadanganya kwa sauti tulivu kabisa.

Sasa sikia walivyofanya. Mwezi wa nane Baba alikanyaga kisiki cha miraa, kikatoboa gambuti na kuingia wayoni. Hakusikia uchungu. Alikuja kuona soksi imejaa damu jioni akivua viatu. Kidonda kikakataa kupona, wakampima, wakakuta sukari imepanda, na inaonekana amekaa nayo muda mrefu bila kujua. Daktari wa kwanza kumwona alisema vidole viwili vitolewe mara moja, mambo yaishe. Hiyo ilikuwa Septemba. Baba akauliza akitolewa vidole atakaa hospitali kwa muda gani. Akaambiwa. Akasema hapana, tungoje Kathambi amalize mtihani.

Unaijua hiyo tabia yetu. Mtoto mwenye mtihani haambiwi baya. Ng'ombe akifa, mtoto hajui. Wewe ndiwe uliyemaliza karatasi ya mwisho ya Kidato cha Nne ukaja nyumbani unaimba njia nzima, ukakuta Nyanya ameshazikwa na kaburi limeanza kuota nyasi. Nakumbuka ulivyokataa chakula, na watu wakikuambia ushukuru kwa sababu umefanya mtihani bila mawazo. Tulikulia hayo na hatukuona ajabu.

Basi kidonda kikazidi, na hospitali ikawa lazima. Meru mjini wakaiogopa, kwa sababu ndiko sisi wanafunzi tunakozunguka wadi kila siku, na ningemwona. Mama akasema kwao ni Kiambere, ndugu zake wako Embu, basi Baba apelekwe Embu, Mjomba Njagi atakuwa akimpelekea chakula. Wakamvusha wilaya nzima na mguu unaooza ili nisimwone. Nikifikiria hiyo safari, na Baba amenyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma akiambia watu wasiniambie, nataka kucheka na nataka kumpiga mtu.

Na sisi huku, Profesa Kathuri akatangaza moki. Moki ni mtihani wa majaribio, unafanywa kama ule wenyewe ili ujue pa kurekebisha. Ile sehemu ninayoiogopa ni kesi ndefu: unaachwa na mgonjwa mmoja usiyemjua, unamhoji, unampima, kisha wakubwa wanakuja kukuuliza maswali mpaka jasho likutoke. Profesa akasema wagonjwa wa Meru tumewazoea, tunajua mpaka majina ya wajukuu wao, kwa hiyo moki itafanyiwa Embu, ambako hatujui mtu.

Ambako hatujui mtu! Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema.

Tulifika Embu Jumatatu asubuhi tukiwa tumevaa makoti meupe yaliyopigwa pasi. Nikapewa kitanda cha dirishani, wadi ya wanaume. Mwalimu mmoja kijana alikuwa ameketi kando ya pazia kunitazama ninavyofanya kazi. Nikavuta pazia nikatoa ile salamu niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo: Habari ya asubuhi, mzee, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa sita, naomba ruhusa nikupime. Mzee alikuwa ameangalia ukutani, kofia ya sufi kichwani. Akageuka.

Woi, Muthamia! Sijui kama nilipiga kelele. Wanasema sikupiga. Nakumbuka nilishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, na masikio yakaziba kabisa. Baba alikuwa amekonda hata mashavu yameingia ndani. Akamtazama yule mwalimu kijana, akaniangalia mimi, akanitolea yale macho ya kanisani, yale ya kutunyamazisha tukicheka wakati wa maombi. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha mikutano: "Ruhusa umepewa, daktari. Anza kazi."

Nikaanza. Usiniulize kwa nini. Hata sasa sijui kwa nini sikutupa kalamu nikamkumbatia. Nadhani ni yale macho.

Nikamuuliza jina. Akasema Mithika. Kazi? Mkulima wa miraa, Mikinduri. Watoto? "Wawili," akasema. "Mmoja yuko ng'ambo anasomea uinjinia. Wa pili ni daktari." Nikaandika. Mkono ulikuwa unaandika peke yake. Nikamuuliza ugonjwa ulianza lini, akanieleza kisiki, gambuti, soksi. Mambo yote hayo niliyasikia hapo kwa mara ya kwanza, na mwalimu ametulia hapo anatikisa kichwa kwamba ninahoji vizuri. Kisha nikafika swali ambalo huwezi kuliruka, ukiliruka unaangushwa. Nikamuuliza: "Mzee, mbona ulichelewa kuja hospitali?"

Akarekebisha kofia. Akasema: "Nina mtoto ana mtihani."

Nilifungua bandeji. Sitakuandikia nilichokiona, wewe si mtu wa vidonda. Harufu tu ingekutosha. Vidole viwili havikuwa tena swali, weusi ulikuwa umepanda hadi kifundo. Kuna kipimo cha kugusa wayo kwa pamba, mgonjwa amefumba macho, ili ujue kama mishipa bado inasikia. Nikamwambia afumbe macho aseme akisikia. Akasema anasikia. Nilikuwa sijagusa bado. Baba alikuwa ananisaidia kufaulu, Muthamia. Alifikiri jibu zuri ni kusikia.

Profesa Kathuri akaja na wenzake wawili. Nikamsimulia kesi kutoka juu hadi chini, sukari, kidonda, homa, kila kitu, sauti yangu naisikia kama ya redio ya jirani. Akaridhika. Akauliza, kama kila mara, ni nini kilichomchelewesha mgonjwa huyu. Nikajibu: "Ni mimi."

Akafikiri hakunisikia. Nikasema, "Profesa, huyu ni baba yangu. Amengoja nimalize mtihani." Profesa alivua miwani na hakujua pa kuiweka. Yule mwalimu kijana alisimama mpaka kiti kikaanguka. Na Baba, badala ya kuniangalia mimi, akanyoosha mkono kwa Profesa: "Tafadhali, usimpunguzie alama. Hajakosea mahali popote, mimi nimesikiliza." Ndipo nilipolia, mbele ya wagonjwa wote, na koti langu jeupe.

Baadaye nilimuuliza alikubalije kuwa mgonjwa wa mtihani. Alisema sista wa wadi aliwaomba, kuna wanafunzi wanakuja kutoka mbali, na yeye akawaza kwamba huko Meru labda kuna mzee kama yeye atakayemkubalia Kathambi wake, basi naye awakubalie watoto wa wenzake. Hakuuliza wanatoka chuo gani.

Mama akaingia saa za kuona wagonjwa, na chupa ya uji, Mjomba Njagi nyuma yake na bakuli la muthokoi, yale mahindi ya kukoboa. Aliponiona aligeuka akarudi mlangoni kana kwamba amekosea wadi. Mama yetu huyo! Nikamfuata kwenye varanda. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, na nimeshamwomba msamaha. Yeye alisema tu, "Tulitaka usome." Mjomba akaongeza kwamba nilikuwa nimebakisha kidogo sana, na kwamba ningekuja siku nyingine yoyote mambo yangekuwa sawa. Yangekuwa sawa vipi? Nilitaka kumwagia muthokoi wake.

Daktari wa upasuaji alinieleza wazi kama anavyomweleza mwenzake. Mguu uondolewe chini ya goti, na uondolewe wiki hii. Ukingoja, utaenda juu ya goti. Ukingoja zaidi, sumu itaingia kwenye damu na hatutazungumza tena juu ya mguu. Karatasi ya ruhusa ilikuwa mezani tangu wiki iliyopita. Baba alikataa kutia sahihi. Alikuwa amechagua tarehe yake, Desemba, siku ya pili baada ya mtihani wangu, na hakuna mtu aliyeweza kumtoa hapo.

Nikajaribu kumweleza kisayansi. Nikachora. Akasifu mchoro. Akasema amenielewa, na Desemba si mbali. Nikamletea mchungaji, mchungaji akaomba, Baba akasema amina, na Desemba. Unamjua. Ule ugumu wote wa watu wa Tigania umekaa kwenye shingo moja.

Alhamisi nikachoka. Nilikuwa nimelala kwa Mjomba tangu Jumatatu, vitabu viko kwenye mfuko havijafunguliwa. Nikaenda wadini, nikaweka ule mfuko juu ya kitanda chake, nikaketi kwenye sakafu. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia, "Baba, ulinificha ili nisome. Sasa nimejua, na tangu nijue sijasoma hata ukurasa mmoja. Na sitasoma mpaka utie sahihi."

"Soma, Kathambi."

"Tia sahihi."

"Nimesema soma!"

"Na mimi nimesema tia sahihi."

Wadi nzima ikatugeukia. Baba alinitolea yale macho, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuinamisha yangu. Usifikiri ni ujasiri. Tukakaa hivyo mpaka mzee Ndambiri wa kitanda cha pili, Mmbeere mmoja aliyevunjika nyonga na hapendi kelele, akasema, "Mithika, mpe mtoto sahihi yake, tumechoka na nyinyi wawili. Mguu ni wako lakini sakafu ni baridi." Watu wakacheka. Baba naye akacheka kidogo, kisha uso ukambadilika, na nikaona kwamba mzee alikuwa anaogopa. Haikuwa Desemba peke yake. Alikuwa anaogopa kukatwa, kama mtu yeyote, na mtihani wangu ulikuwa umempa mahali pa kujificha. Nikainuka nikamshika mkono. Akasema kwa Kimeru, polepole, kwamba miraa haichumwi na mtu wa mguu mmoja. Nikamwambia wachumaji wapo. Akasema lete kalamu.

Walimpasua Ijumaa. Walichukua chini ya goti kama walivyosema, goti limebaki, na daktari anasema goti ni nusu ya kutembea. Homa imeshuka. Jana alikunywa uji, akanung'unika kwamba hauna sukari, akakumbushwa kwa nini. Anasema anasikia vidole vikimwasha, vile ambavyo havipo. Nilimwambia hiyo ni kawaida na iko kwenye vitabu. Akauliza kama inaweza kutoka kwenye mtihani. Nikamwambia inaweza. Akafurahi sana.

Nimerudi Nchiru leo asubuhi. Mitihani yenyewe inaanza Jumatatu ya tarehe 25. Profesa aliniita akaniambia naweza kuomba kungoja awamu nyingine, hakuna atakayenilaumu. Nimekataa. Nasoma sasa, na ajabu ni kwamba yanaingia. Sura ya kisukari nimeiruka, hiyo naijua.

Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba anakusalimu. Mjomba Njagi na watu wote wa Kiambere vilevile. Mama Karwirwa anauliza kama India unapata chai ya maana. Shosho Cicily wa jirani anakuombea kila Jumatano na anataka uoe mtu anayezungumza Kimeru. Mzee Ndambiri hakujui, lakini anakusalimu pia, kwa sababu Baba amewasimulia habari zako wadi nzima.

Kuna jambo moja nililotaka kuliacha, na nimeandika na kufuta mara nyingi. Ijumaa, Baba akiwa bado ndani anapasuliwa, nilikunywa chai na Mjomba Njagi kwenye kantini. Woga ulikuwa umemlegeza ulimi. Akaniambia nisiwalaumu, walikuwa wamepanga kila kitu vizuri na Baba mwenyewe ndiye aliyepanga. Hata akifa. Nikamuuliza hata akifa vipi. Akasema angewekwa mochari, kimya, Mama asivae nguo za msiba, na mimi niendelee kusoma. Siku ya karatasi yangu ya mwisho wangekuja na gari hadi langoni pa chuo kunichukua, kama wanaokuja kunipongeza.

Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza, na Muthamia je?

Mjomba alipuliza chai yake. Akasema, "Huyo mitihani yake inaisha Aprili, hatungeweza kumweka mzee mpaka Aprili. Tungezika. Yeye angeambiwa akimaliza."

Nikamuuliza wangefanyaje kama ungepiga simu ukimtaka Baba. Akaniangalia kama mtu anayeshangaa swali, kwa upole kabisa, Muthamia, huyu mjomba anayetupenda. Akasema, "Si wewe ungekuwepo? Wewe anakuamini. Ungemwambia anaendelea vizuri."

Na ninaogopa kwamba ningekuambia hivyo. Ningelia nikimaliza, lakini ningekuambia. Ndiyo maana nimeandika sasa, kabla sijazoea. Siku utakayopata barua hii mpigie Baba, hata kama una karatasi kesho yake, na umuulize juu ya mguu. Atakasirika nami. Mwache akasirike.

Mwenyezi Mungu akufunike huko uliko na atukutanishe sote tukiwa hai.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ambaye hatakuficha tena,

Kathambi